UZI: Jiko la peleti lawaka vizuri dakika kumi kisha lazimika na moshi kibao, nimechoka jamani

BiMahamri (Kisauni), Jumapili saa 4 usiku

Asalaam aleykum jamani, na wengine wote habari zenu. Naomba mnisaidie maana nshachoka na hili jiko na kesho alfajiri n'na mahamri ya watu. Jiko langu ni la peleti, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao uliobanwa, lile la feni, refu kama ndoo, ndani kuna mtungi mwengine una matundu chini na matundu juu karibu na mdomo, feni iko ubavuni kwa chini yatumia betri ya 12V ile ndogo ya 7Ah, na betri yachajiwa na sola iliyo juu ya bati. Nimelinunua mwaka jana kabla ya Ramadhani na wallahi sikuwa na la kulilaumu, mafuta ya mahamri yakichemka sawasawa, moto haupandi haushuki, hata seredani yangu ya makaa nilisahau nimeiweka wapi.

Sasa yapata wiki 3, nikiwasha lawaka vizuri tu, moto mzuri wazunguka pale mdomoni, nasema alhamdulillah naweka karai. Dakika kumi, kumi na mbili hivi, moto waanza kushuka, wawa wa manjano mvivu mvivu, kisha waingia ndani kabisa na moshi mweupe mzito watoka, macho yote machozi, jirani ashanitumia ujumbe aniuliza kama nachoma taka. Na mahamri yakiingia kwa mafuta yaliyopoa mwajua wenyewe, hayafuri, yanywa mafuta yawa kama sifongo. Juzi nimetupa donge zima la kilo 2 za unga, na nazi yake na iliki yake.

Nishajaribu haya: betri nimechaji siku nzima. Fundi wa hapa mtaani akasema feni imekufa, akatia nyengine, akachukua hela yake, hali ni ile ile. Gunia la peleti ni jipya. Tafadhali msiniambie ninunue gesi, hilo nalijua.

MlaViaziKarai (Tudor)

Pole sana dada. Mie nilipoona kichwa cha uzi nikadhani ni lile jiko la wazungu la kupasha nyumba joto nikasema huyu wa Mombasa alitakia nini, sisi Julai kusi likivuma usiku ikishuka digrii 20 watu washatoa masweta na mablanketi ya harusi hahaha. Sina ujuzi wowote, niko hapa kwa ajili ya mahamri.

GesiDaima (Changamwe)

Dada najua umekataza lakini wacha nikuambie tu ukweli, mtungi wa kilo 13, burner kubwa, unawasha unakaanga unazima, hakuna feni hakuna betri hakuna sola. Hizi vitu za feni kwenye jiko ni shida unajinunulia mwenyewe.

BiMahamri

@GesiDaima kakangu, gesi nilikuwa nayo. Julai 2021 walipoturejeshea VAT ya asilimia 16 nikarudi kwa makaa, ikaja kupunguzwa 8 mwaka uliofuata, wakaja wakaiondoa Julai 2023 lakini mie hapo nishapoteza imani. Na moto wa mahamri ni masaa 3 kila siku, piga hesabu weye. Turudi kwa jiko tafadhali.

Kobe_wa_Mtongwe

Kabla ya kugusa waya wowote angalia peleti. Hizi vitu hazina gundi watu wengi hawajui, ni unga wa mbao umebanwa kwa nguvu na joto mpaka ile lignini, kile kinachoshikilia mbao yenyewe ndani ya mti, ikalainika ikashika. Sasa zikipata maji au hata unyevu wa hewa tu zinaanza kurudi kuwa unga. Na Mombasa hii unaijua, chumvi ya mezani tu inakuwa uji mwezi wa 5, sembuse peleti.

Fanya hivi. Chukua moja uivunje na vidole, ikilia TAK kama biskuti kavu ni nzima, ikipinda au ikivunjika kimyakimya kama mkate ina maji. Ya pili tia chache kwenye glasi ya maji, peleti nzuri inazama chini kwa sababu imebanwa ni nzito kuliko maji, ikielea elea ujue haikubanwa vizuri. Halafu tia mkono chini kabisa ya gunia uone kuna unga kiasi gani. Unga ukiwa mwingi unaziba njia ya hewa katikati ya peleti, jiko linakosa pumzi.

Na gunia liko wapi? Usiniambie liko kwa sakafu ya simiti.

BiMahamri

Liko kwa simiti 🙈 lakini lina karatasi ya nailoni ndani.

Nimejaribu sasa hivi. Zalia TAK. Majini zimezama, zikafura baada ya dakika kadhaa zikawa uji. Unga chini upo lakini si mwingi, kama kikombe. Ila moja niwaambie, hizi za sasa rangi yake si kama zile za mwanzo, za mwanzo zilikuwa za manjano manjano zanukia mbao, hizi ni za kijivu kijivu zaelekea kahawia. Muuzaji ni yule yule.

Fundi_Makupa

Umesema fundi alibadilisha feni. Hapo ndo pa kuanzia. Feni za namna hii ni zile za kompyuta, zina upande wa kuvuta na upande wa kusukuma, na ubavuni kuna mshale mdogo umechorwa kwa plastiki unaonyesha hewa inaenda wapi, lakini wengine hawausomi. Ameigeuza, badala ya kupuliza ndani inavuta moshi nje. Nimeona hii mara nyingi sana mpaka sihesabu. Chukua kipande cha tishu kishike karibu na feni kwa nje, feni ikiwaka tishu inafaa ivutwe iende kwa feni. Ikisukumwa ije kwako, imegeuzwa.

BiMahamri

Tishu imevutwa. Yaingiza ndani.

Fundi_Makupa

Sawa huyo fundi tumsamehe kidogo. Unayo mita? Ile ya kupima volti. Kama huna azima, usinunue.

BiMahamri

Mwanangu anasoma mambo ya umeme anayo.

Fundi_Makupa

Vizuri sana. Mwambie apime mara mbili, na hii ndo siri yenyewe watu wanaikosea. Usipime betri ikiwa imekaa tu, betri iliyokaa inadanganya. Washa feni iwe inazunguka, kisha pima kwenye vichwa vya betri, halafu na feni bado inazunguka pima pale waya zinapoingia kwenye feni yenyewe. Namba mbili hizo uniletee. Betri ya 7Ah imejaa inasoma kama 12.7 ikiwa imekaa, ikifika 12.2 iko nusu, ikishuka chini ya 11.9 hiyo ni tupu. Na feni kama hiyo inakula labda 0.2A, kwa hiyo betri nzima inaweza kuizungusha zaidi ya siku moja bila jua, haiwezi kuchoka kwa dakika kumi. Kama inachoka basi umeme unapotelea njiani.

BiMahamri, Jumatatu saa 2 asubuhi

Kwanza niwaambie leo nimerudi kwa seredani na makaa, mahamri yametoka lakini mkono wa kupepea nshausahau, bega lote laniuma.

Mwanangu amepima. Betri na feni yazunguka 12.5. Kwenye feni 7.8. Amepima mara tatu.

Fundi_Makupa

HAPO. Volti karibu 5 zinapotelea kwenye waya mfupi kama huo? Haiwezekani. Kuna kiunganishi kati ya betri na feni, ile pini ya kuchomeka na kuchomoa, ifungue utakuta kutu ya kijani. Hewa ya chumvi ya bahari inakula shaba kimya kimya, nje plastiki inang'aa ndani kumeoza. Kwa 7.8 feni inazunguka ndio, ukiitazama unaona inazunguka, lakini haina nguvu ya kusukuma hewa ipite katikati ya peleti zilizoshikana. Kata hicho kiunganishi, chuna waya mpaka uone shaba nyekundu, kama ndani ya waya ni nyeusi endelea kukata, kisha unga kwa risasi ya kuchomelea au sokota vizuri funga tepu, upake vaselini kidogo juu kabla ya tepu. Vaselini ya mtoto, hiyo hiyo.

GesiDaima

Yaani kupika mahamri mpaka upime volti. Nimekaa hapa nacheka tu.

NahodhaMstaafu (Kibokoni)

@GesiDaima cheka lakini hata mashine ya boti inazimika kwa pini ya shilingi kumi iliyoshika kutu, katikati ya bahari, na hapo hucheki. Fundi anasema kweli.

BiMahamri, Jumatatu saa 12 jioni

Fundi wangu wa Makupa Mungu akulipe, kiunganishi kilikuwa kijani kama mchicha. Mwanangu amekikata amesokota, sasa kwenye feni yasoma 12.4 na sauti yake imekuwa nyengine kabisa, yavuma.

LAKINI. Nimewasha, moto ulikuwa mkubwa kuliko siku zote, nikafurahi nikampigia dadangu simu, na dakika ya 14 likazima tena. Na moshi safari hii ulikuwa mwingi zaidi. Nimekaa chini nimelia kidogo si uongo.

Kobe_wa_Mtongwe

Pole mamangu. Basi shida zilikuwa mbili zimepandana.

AmiMinnesota

Salaam kutoka huku kwenye barafu. Mimi mzaliwa wa Majengo, sasa miaka mingi niko Minnesota, na uzi huu nimeusoma wote mpaka chai imepoa kwa sababu mwaka wangu wa kwanza kwenye nyumba hii nililia vile vile, mimi mwanamume mzima, chini ya nyumba, nje iko digrii 25 chini ya sifuri.

Huku jiko la peleti kazi yake ni kupasha nyumba. Na langu ni la mahindi. Ndiyo, mahindi, punje za mahindi, tulia nitafika hapo. Juu kuna kisanduku unamwaga mahindi, chini yake kuna chuma cha msokoto kinachozunguka polepole kama kile cha mashine ya kusaga nyama, kinasukuma punje kidogo kidogo ziangukie kwenye kikombe cha moto. Kuna feni ya kutoa moshi kwa bomba na feni nyengine ya kusukuma hewa moto ndani ya nyumba. Na kuna swichi ndogo ya hewa, inasikiliza kama jiko linavuta pumzi, ikiona pumzi imepungua inakata chakula, msokoto unasimama, moto unakufa wenyewe.

Langu lilikuwa linazima kila dakika 15. Nikabadilisha hiyo swichi, nikabadilisha kiwashio, nikakagua kamba ya mlango kwa kubana karatasi kwenye mlango na kuivuta, ikitoka kirahisi mlango unavuja, haikutoka. Pesa zimekwenda. Kumbe tatizo lilikuwa chini ya kikombe cha moto, dongo gumu kama chupa iliyoyeyuka limeziba matundu yote. Huku wanaliita klinka.

Sasa dada yangu swali langu moja tu. Hicho kimtungi cha ndani, mara ya mwisho umekitoa ukakigeuza ukaangalia chini yake lini? Si kumwaga majivu, namaanisha kuyatazama matundu dhidi ya mwanga.

BiMahamri

Ami yangu mie humwaga majivu kila siku nikagonga gonga. Kuangalia matundu... sijawahi. Nilidhani yako tu.

MlaViaziKarai

Ngoja ngoja @AmiMinnesota mnachoma MAHINDI? Kwa baridi? Sisi 2017 tulipanga foleni ya unga wa shilingi 90 paketi ya kilo 2 nyinyi mnatia motoni?

AmiMinnesota

Hahaha najua, mamangu Mungu amrehemu nilipomwambia kwa simu alinyamaza muda mrefu kisha akasema "mna laana nyinyi". Lakini elewa, huku mahindi ya manjano ya mifugo yanauzwa kwa pishi lao la kama kilo 25, mwaka 2005 pishi moja lilikuwa karibu dola 2 tu, mkulima anaona bora achome mwenyewe kuliko kununua mafuta ya kupasha nyumba. Ndipo watu wakanunua haya majiko kwa wingi. Ilipofika 2008 bei ikapanda ikapita dola 6, tena 2012 ikapita 8, wengi wakahamia peleti za mbao. Mimi nachanganya. Na punje sharti iwe kavu, ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 15 inasumbua, na vipande vya gunzi vikiingia vinakwama kwa msokoto.

Turudi kwa dada. Toa kimtungi.

BiMahamri, Jumatatu saa 3 usiku

Jamani.

Nimekitoa, nimekigeuza, nimemulika tochi ya simu kwa ndani. Chini matundu yalikuwa 30 na kitu nakumbuka, yanayopitisha mwanga nimehesabu 6. Sita! Mengine yote yamezibwa na kitu kigumu cheusi kijani chang'aa, chakaa kama chupa ya soda iliyoungua, kimeshika chuma mpaka kisu hakiingii. Na juu ya hicho kitu kuna majivu ambayo bado yana umbo la peleti, ukiyashika ni kama mifupa myeupe, hayavunjiki upesi.

Kwa hiyo muda wote huu nimekuwa nalaumu feni.

Mwalimu_wa_Sayansi (Mikindani)

Nilikuwa nasoma kimya lakini hapo nimeamka. Majivu yaliyobaki na umbo la peleti na rangi ya kijivu ya peleti zenyewe, hayo maelezo mawili pamoja yananiambia muuzaji wako habani tena unga wa mbao mtupu, anachanganya na maganda ya mpunga. Mbao safi isiyo na maganda ya mti ukichoma kilo moja majivu hayafiki hata gramu 10. Maganda ya mpunga kilo moja yanakuachia kama gramu 200, na karibu yote ni silika, ndiyo ile ile ya mchanga. Ndiyo maana yanabaki yamesimama kama mifupa.

Lakini silika peke yake haiyeyuki kwa jiko la mahamri, inataka digrii 1,700 hivi. Ili iwe chupa lazima ikutane na kitu cha kuishusha, na hicho ni potasiamu. Sasa potasiamu inatoka wapi? Uliza kama anatia na makumbi ya nazi. Makumbi yana potasiamu nyingi sana. Silika ikikutana na potasiamu inayeyuka chini ya digrii 1,000, na moto wa feni unafika huko bila shida. Watu wa zamani walitengeneza vioo hivyo hivyo, mchanga na majivu ya mimea. Wewe dada kwa wiki 3 umekuwa unatengeneza kioo chini ya karai.

AmiMinnesota

Mwalimu umenimaliza. Na mahindi ni vivyo hivyo, yana potasiamu nyingi, ndiyo maana majiko ya mahindi yana chuma cha kukoroga ndani ya kikombe ili klinka isikae ikashikana. Wazee wa huku wana dawa yao nyengine, wanachanganya mahindi na magamba ya chaza yaliyosagwa, yale wanayouziwa wafugaji wa kuku. Konzi moja kwa ndoo. Chokaa yake inafanya majivu yasiyeyuke upesi, yanabaki unga unga.

NahodhaMstaafu

Chaza? Chaza tunao hapa Tudor wamejaa kwa mikoko, kumbe ni dawa ya jiko.

AmiMinnesota

Nahodha usimpeleke dada akachokoe chaza. Lake halina cha kukoroga na peleti zake zimebanwa tayari, chaza atachanganyika vipi ndani ya peleti? Dawa yake ni kubadilisha peleti.

Mwalimu_wa_Sayansi

Na nieleze kwa nini linawaka kwanza ndipo lizime, kwa sababu hilo ndilo lililowapoteza wote. Jiko hili linawashwa JUU. Moto unakaa juu unashuka polepole, hewa ya chini inapita kwenye peleti inazifanya zitoe gesi, gesi inapanda, ikifika mdomoni inakutana na hewa ya pili kutoka matundu ya juu, ndipo inawaka. Ule moto mzuri unaozunguka mdomoni ni gesi inawaka, peleti zenyewe haziwaki bado. Ukiwasha, tabaka la juu lina hewa ya kutosha kutoka juu, unaona moto mzuri. Moto ukishuka chini unahitaji hewa ya chini, na matundu ni 6. Moto unanyong'onyea, gesi bado inatoka lakini haina joto la kuwaka, hiyo ndiyo moshi mweupe. Moshi ule ni chakula cha jiko kinamwagika. Na ulipotengeneza waya feni ikapata nguvu, hewa yote ikaenda kwenye matundu ya juu kwa sababu ya chini yameziba, ikaupoza moto, ndiyo maana safari ya pili moshi ulizidi.

Na tafadhali wote, moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Jiko likizima namna hiyo litoeni nje, msilifungie chumbani eti litatulia.

Fundi_Makupa

Mwalimu heshima. Mimi ningekaa na mita yangu mpaka mwaka ujao.

Dada kuondoa hicho kioo usipige nyundo kikiwa ndani utaharibu mtungi. Toa mtungi, kiwe baridi kabisa, tia kwa maji usiku mmoja, kisha tindo ndogo au bisibisi ya zamani ukigonga kwa ubavu, kinatoka vipande vipande. Vaa miwani na glavu hicho kitu ni chupa kweli. Kisha kila tundu lipitishe msumari, saizi ile ile ya tundu, usiyapanue ukaharibu hesabu ya hewa. Maliza na brashi ya waya. Ukauke juani kabla ya kurudisha, chuma chenye maji na chumvi ya Mombasa wewe mwenyewe unajua kitakachotokea.

Kobe_wa_Mtongwe

Na gunia litoe kwa simiti. Weka mbao mbili chini, au mimina kwa jaba lenye mfuniko.

BiMahamri, Jumatano saa 4 asubuhi

Samahani nimekawia, jana kulikuwa na arusi ya jirani.

Nimemuendea muuzaji. Mwanzo alinikatalia katakata, ati ni mbao tupu. Nikamtolea kile kipande cha kioo kwa mkoba nikakiweka mezani. Akakitazama, akanitazama, akasema unga wa mbao siku hizi adimu, maseremala wameanza kuuuza wenyewe, kwa hiyo anachanganya na maganda ya mpunga na "kidogo" makumbi. Mwalimu uliona kutoka Mikindani! Amenipa gunia la peleti za unga wa mbao mtupu kutoka pale nyuma, bei imepanda kidogo, na gunia la zamani amekataa kulichukua.

Leo alfajiri: matundu yote 34 wazi (nimeyahesabu sasa nayajua kama watoto wangu), feni 12.4, peleti za manjano. Nimewasha juu kwa kumbi kavu kama kawaida. Dakika kumi, sawa. Kumi na tano, nikashika roho, sawa. Nimekaanga awamu 4 za mahamri, saa nzima kasorobo, mpaka peleti zenyewe zikaisha na moto ukawa mfupi wa buluu, yakabaki makaa mekundu nikayahamishia kwa seredani nikaweka mbaazi. Mahamri yamefura mpaka yalikuwa yajigeuza yenyewe kwa karai.

Swali moja limebaki, hili gunia la kijivu nalitupa? Ni karibu kilo 40 zimebaki.

Mwalimu_wa_Sayansi

Usitupe. Lichanganye kidogo kidogo, sehemu moja ya kijivu kwa nne za mbao, na upunguze kasi ya feni kama jiko lina kitufe hicho, moto ukiwa si mkali sana klinka haishiki upesi. Na kila ukimaliza kupika, jiko likishapoa, toa mtungi uangalie chini. Kila siku, si kila wiki. Ukiona kitu kinang'aa kigonge kikiwa bado kidogo.

AmiMinnesota

Mimi naongeza, kwa siku za oda kubwa tia mbao tupu, zile za kijivu chemshia maji ya kuoga. Huku wenye peleti mbovu hufanya hivyo, wanazichoma siku zisizo na baridi kali, nzuri wanaziweka kwa Januari.

GesiDaima

Sawa nimekubali jiko limepona. Lakini hesabu muda uliotumia hapa, Jumapili mpaka Jumatano.

BiMahamri

@GesiDaima nawe wiki ya gesi kuisha usiku wa Jumamosi na duka limefungwa huihesabu?

GesiDaima

😂😂 hapo umenishika.

Shamba_Mikocheni (Bamburi)

Samahani kwa kuingilia, langu ni la aina hiyo hiyo lakini shida ni nyengine, halizimi ila feni inapiga kelele krrrr krrrr hasa asubuhi, likishapata moto inanyamaza. Nibadilishe feni?

Fundi_Makupa

Usibadilishe bado. Nyuma ya feni katikati kuna stika ya duara, ibandue taratibu, ndani utaona kishimo, tia tone MOJA la mafuta ya cherehani, si mafuta ya kupikia, yale yanaganda. Rudisha stika. Ikiendelea baada ya hapo ndio ununue, na ukinunua angalia mshale.

MlaViaziKarai

Mmemaliza? Basi mimi naweka oda yangu, mahamri 30 na mbaazi ya kibakuli, Jumapili, Tudor, na nalipia nauli ya tuktuk.

BiMahamri

Inshallah, nitumie namba inbox. Lakini saa 1 asubuhi uwe umeamka, mahamri yangu hayangojei mtu.